Mtihani Ndani ya Arobaini

Jumapili, 10 Agosti 2025
Jina limetoka! Kituo Kilosa, Jumatatu ya tarehe 18, karatasi mbili. Mtihani wa leseni ya uuguzi — safari hii sikosi. Mwaka jana nilifeli, mimba changa, natapika, maswali yanacheza mbele ya macho. Mganga Herman wa zahanati anasema nafasi ananishikia hadi matokeo yatoke. Nikikosa, anachukua mwingine, mimi nirudi kujitolea, kufagia na kupanga kadi za kliniki. Sitaki tena.

Shida moja. Arobaini ya mwanangu Imani haijaisha. Nimemwambia mama mkwe. Kwanza alicheka. Halafu: mzazi hatoki. Hapa Mikumi nani amewahi kuona mzazi mbichi anapanda gari?

Wataniona mimi.

Jumatano, 13 Agosti
Mama mkwe ananikanda kila asubuhi. Maji ya moto — moto kweli! Leo taulo mgongoni, maneno masikioni. Baridi itakuingia mifupani, mwanangu. Macho ya watu yatamwangukia mtoto. Wewe una cheti chako, kichanga hiki kina nini? Nikasema, mama, kina mama yake. Akakamua taulo kama anakamua shingo yangu.

Hanichukii. Hapo ndipo pagumu. Uji wa pilipili manga anakoroga yeye, nepi anafua yeye. Angekuwa mbaya ningeondoka bila kuaga.

Nimesoma kutokwa damu baada ya kujifungua. Nimeandika kwa mkono mmoja. Wa pili ni wa Imani.

Ijumaa, 15 Agosti
Optatus, mume wangu, eti yeye hasemi kitu, nyumba ni ya mama. Nikamwambia asiyesema kitu asizuie kitu. Akatoka, anakwenda kuangalia kuku. Kuku hatuna!

Jioni kaja Magreti, dada yake. Wifi, twende wote, mi nitambeba Imani. Mama akinuna atununie wawili. Nimemkumbatia mpaka akalalamika namlowesha maziwa.

Jumapili, 17 Agosti. Kilosa, kwa shangazi
Tumefika. Vumbi lote la kile kijiji cha njiani, Ulaya, liko kichwani kwangu. Imani kalala njia nzima chini ya khanga.

Asubuhi tulikuta mfuko wa nepi umeshafungwa vizuri. Nikapiga goti mlangoni kwa mama mkwe. Shikamoo mama. Nikarudia. Akageukia ukuta. Hajawahi kuninyima marahaba, hata siku nilipounguza wali wa msiba! Magreti akanivuta mkono. Nimelia mpaka stendi, nikafuta machozi. Nimeshatoka, sirudi nyuma.

Jumatatu, 18 Agosti. Mapumziko
Naandika kwenye benchi nje, Imani ananyonya. Karatasi ya kwanza nimemaliza! Swali la damu lilikuja — nilitaka kucheka. Blauzi imelowa maziwa kote kifuani. Nimwone wa kunicheka.

Lakini asubuhi getini! Mlinzi anapekua mfuko wa nepi, anatoa kisu. Kisu! Akasoma kitambulisho changu: dada Raheli, msimamizi kakukosea nini? Watu wakacheka, wengine wakasogea mbali. Magreti akaapa hajakiweka yeye. Nikakitazama. Mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Ndicho mama mkwe anachokilaza chini ya mto wa Imani tangu tutoke hospitali, chuma kimlinde mtoto. Mfuko alifunga yeye.

Marahaba kaninyima, kisu kanipa. Mama huyu!

Mlinzi alikichukua, akaniacha niingie, ila akasema ataripoti. Sasa hivi amekuja: msimamizi ananiita ofisini kabla ya karatasi ya pili. Akiona vibaya, siingii. Magreti ananinong'oneza, wifi, kataa, sema hukijui, watakufukuza!

Nimkatae mama mbele ya watu? Sikatai. Nitasema ni cha mama mkwe wangu, mimi ni mzazi, arobaini haijaisha, kanifungia mfukoni nisafiri salama. Wacheke. Karatasi ya pili nafanya. Na nikitoka nakitaka kisu chetu.

Mlinzi anaita tena. Imani bado hajashiba, nimemhamishia titi la pili. Haachii. Basi tunakwenda wote, hivihivi anavyonyonya —