Majibu ya Kaya Namba 14

Bunda,
21 Julai 2024

Dada Rhobi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mwanao Stellah na wale kuku wako wakorofi. Mimi sijambo, ila ugali wako bado uko kifuani. Siku tatu kwako nimekula chakula cha wiki mbili.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu umeitumbukiza kwenye pipa la mihogo, na simu haijawahi kulowekwa ikageuka udaga wa kutwanga unga. Ya pili ni Mwalimu Naomi, yule mstaafu anayetufundisha Kiingereza cha kuandikia tasnifu, kila Jumamosi pale Mwisenge, Musoma. Ametuagiza tuandike kila siku, hata barua za nyumbani, ili mkono uzoee. Mwenzio miaka yote nimefundisha kemia ubaoni, kuandika sijui. Msimamizi wangu wa chuo alinirudishia sura ya kwanza imejaa wino mwekundu, akasema utafiti ni mzuri ila lugha inachosha.

Unga wa zile kaya thelathini nimeupeleka maabara. Watapima sumu ya mhogo mchungu, waone imebaki kiasi gani. Majina hatuandiki, ni namba tu. Wewe ni kaya namba 14. Majibu nitawarudishia wote, kama inavyosema karatasi mliyosaini. Mwambie Stellah asante. Bila yeye kukimbia nyumba kwa nyumba kukusanya vile vifuko vya unga, ningekuwa bado niko huko mlimani natweta. Utafiti huu umetembea kwa miguu yake.

Mdogo wako,
Werema


Butiama,
11 Agosti 2024

Mdogo wangu Werema,

Marahaba. Sisi hatujambo, Mungu anasaidia. Wewe unaendeleaje na hicho Kiingereza? Nimecheka peke yangu jikoni. Ulipokuwa darasa la tano ulikuwaga unaniletea daftari nikuandikie insha, sasa huko masta nani atakuandikia, na mimi niliishia la saba?

Huku jua ni kali. Kisima cha karibu kimekauka, maji tunayafuata mbali na foleni ni mpaka mchana. Zamani mihogo tulikuwaga tunailoweka siku nne. Sasa ni siku mbili, tunaanika, tunatwanga, maana tumbo la mtoto halijui kusubiri. Unga una uchungu kidogo lakini tumeuzoea. Kwa hiyo nakuuliza, unga wetu umesemaje huko maabara? Wewe ukisema ni mbaya tutatafuta namna. Ukinyamaza tunajua ni mzuri.

Barua hii anakuletea Revocatus, yule anayesambaza soda. Mpe maji anywe. Stellah anakusalimu, anasema ukija tena na vifuko umwite.

Dada yako,
Rhobi


Bunda,
8 Septemba 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko na jua hilo? Mimi ni mzima. Samahani nimechelewa kujibu, nilizama kwenye sura ya nne, ile ya matokeo. Nimeiandika upya mara tatu.

Sasa naanza kuelewa. Mwalimu Naomi anasema mtafiti hasemi "unga huu unaumiza watu". Anasema "unga huu huenda ukahusishwa na madhara". Neno dogo kama hilo, anasema, linamkinga mwandishi na wanaobisha. Jumamosi iliyopita alisoma aya yangu mbele ya darasa zima, akasema hivi ndivyo msomi anavyoandika. Wakanipigia makofi. Dada, sikumbuki lini nilijisikia vizuri namna ile.

Kuhusu unga, namba zimetoka. Baadhi ziko juu kidogo. Siruhusiwi kusema ni za nani mpaka tasnifu ipite, ndizo taratibu zetu. Mkiweza, ongezeni siku za kuloweka.

Mdogo wako,
Werema


Butiama,
22 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera kwa hiyo aya. Nimemwambia kila aliyepita hapa.

Hao wenye namba za juu wamenihuzunisha. Jumatano kwenye jumuiya nimewaombea, bila kuwataja maana siwajui. Jirani yangu Adventina anadhani ni wale wa ng'ambo ya mto, ambao hata mihogo hawaimenyi vizuri.

Kuongeza siku tumeshindwa, maji ndiyo hayo. Dagaa nao wamepanda bei, tunakula ugali na mlenda. Juzi Stellah alitapika baada ya kula, kichwa kikamzunguka, akalala mapema. Kesho yake alikwenda shule. Nikasema ni jua tu. Wewe unaonaje?

Dada yako,
Rhobi


Butiama,
20 Oktoba 2024

Werema mdogo wangu,

Hujambo? Barua yangu ya mwezi uliopita hukuijibu. Revocatus anasema alikupa mkononi.

Stellah miguu imekataa. Jumatatu asubuhi aliamka, akasimama, akaanguka. Nikacheka, nikidhani anafanya mchezo ili asiende shule. Akaanguka tena, akanitazama. Tulikodi pikipiki, Adventina akamshikilia kwa nyuma mpaka Musoma. Daktari aliuliza tunakula nini, nikamwambia. Akauliza mihogo tunailoweka siku ngapi, nikaona aibu kujibu. Anasema haitazidi hapo ilipofika, lakini miguu haitarudi kama ilivyokuwa.

Mimi ndiye niliyeloweka siku mbili. Mimi ndiye niliyesonga, nikamwambia mwanangu amalize. Wanawake kisimani wananyamaza nikifika. Nimekwenda kuungama, padri akanipa malipizi, nimeyamaliza yote na moyo uko palepale.

Nakuomba neno moja tu, wewe unayejua. Ni unga wangu?

Dada yako,
Rhobi


Bunda,
24 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Habari za Stellah nimezipokea kwa masikitiko makubwa. Poleni sana, na Mungu awatie nguvu.

Usijilaumu. Hali kama hiyo huenda ikasababishwa na mambo mengi. Huenda ni unga, huenda ni lishe kwa ujumla wakati huu wa ukame, huenda pia yapo maradhi mengine ambayo daktari hakuyapima. Kwa ushahidi uliopo ni vigumu kuthibitisha. Huenda utafiti zaidi ukahitajika.

Nimempa Revocatus maziwa ya kopo ya mtoto.

Mdogo wako,
Werema


Butiama,
30 Oktoba 2024

Werema,

Barua yako ina "huenda" tano. Nimezihesabu mara mbili.

Nilikuomba neno moja. Insha zako niliziandika mimi, najua unavyoandika ukiwa unaficha kitu.

Dada yako,
Rhobi


Bunda,
3 Novemba 2024

Dada Rhobi,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, naijua.

Neno uliloomba ni ndiyo. Ni unga wako. Katika kaya zote thelathini, namba 14 ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote, na haikuwa juu kidogo. Nililijua hilo tarehe 27 Agosti, saa nne asubuhi, nikiwa chumba cha walimu. Nilifunga kompyuta nikaenda kufundisha kidato cha tatu.

Nilikuambia siruhusiwi. Hakuna aliyenikataza. Sikumuuliza msimamizi wala mtu yeyote, kwa sababu nilijua atanijibu nini. Karatasi mliyosaini niliiandika mimi mwenyewe na inasema majibu yatarudi kwenu. Ukweli ni kwamba sura yangu ilikuwa imerudishwa, niliona aibu mbele ya wenzangu, nikataka kwanza isomeke vizuri. Ile aya iliyopigiwa makofi ilikuwa inazungumzia unga wako. Mimi nasifiwa, na wewe wiki ileile unausonga, na Stellah anakula. Uliponiambia ametapika, nilijua kutapika kule ni nini. Niliiweka barua yako chini ya rundo la karatasi ili nisiione. Halafu ukaniuliza waziwazi, na nikakujibu kama ninavyowajibu wanaobisha.

Jana nilimweleza Mwalimu Naomi yote. Akaniuliza, "Na huko nyumbani uliandika lini?" Nikamwambia sikuandika. Akasema, "Mimi nilikuwa nakufundisha kuwaandikia watahini. Kumwandikia dada yako hukuhitaji kufundishwa." Akafuta ubao akaondoka.

Kwenye ukurasa wa 71 wa tasnifu yangu kuna pendekezo. Kwa Kiingereza nimelihangaikia siku tisa. Kwa Kiswahili ni hili:

Kabla ya kupika, changanya unga wa mhogo na maji mpaka ulowane wote. Utandaze mwembamba kwenye turubai, juani, masaa mawili. Kisha songa ugali siku hiyohiyo.

Sumu nyingi inaondoka na hewa. Maji yake hayafiki hata ndoo. Ni mistari mitatu, dada, na ningeweza kumpa Revocatus tangu Agosti. Waambie na wengine leo hii. Adventina ni namba 15, naye yuko juu.

Dhambi uliyoiungama ni yangu. Usiiungame tena.

Mdogo wako,
Werema


Bunda,
24 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Revocatus anasema barua uliipokea, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani. Wiki tatu zimepita. Kila akija na kreti zake natoka nje kumtazama mikono.

Tasnifu imepita. Wameisifu lugha. Nilitoka pale chuoni nikakosa mtu wa kumwambia.

Stellah anaendeleaje?

Mdogo wako,
Werema


Butiama,
15 Desemba 2024

Werema,

Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha kuchoma moto, na nilikichoma.

Barua yako niliisoma kwenye jumuiya mbele ya watu wote. Habari za aya yako na makofi niliziruka. Siyo kwamba nilikuonea huruma, ila watu walikuja kusikia habari ya unga. Ile mistari mitatu niliisoma mara tatu. Adventina aliondoka kabla ya sala ya mwisho, akaenda kulowanisha unga wake. Sasa ukipita huku mchana kila uani kuna turubai, na watoto wamekaa wanafukuza kuku. Hata wale wa ng'ambo ya mto wamekuja kuuliza, na nimewaomba radhi kwa tuliyokuwa tunawasema.

Stellah anatembea kwa fimbo, anakanyagia vidole, magoti yanagongana. Shuleni anapelekwa kwa baiskeli. Bado hajauliza kwa nini. Akiuliza nitamwambia, na nitataja jina lako, maana siwezi kumfundisha mtoto kusema kweli halafu nimfiche hilo.

Uliniandikia mwezi wa saba kwamba utafiti wako umetembea kwa miguu yake. Barua hiyo ninayo. Nenda kaliandike hilo kwenye kitabu chako, mwanzoni kabisa, kwa Kiingereza kizuri ulichojifunza, jina lake lote, Stellah, siyo namba.

Krismasi usije, sitaweza. Njoo nikichimba mihogo mipya, nitakutumia habari kwa Revocatus. Utakaa siku nne. Maji utachota wewe, kisima cha mbali, na foleni utapanga na wale wanawake, watakuuliza na utawajibu. Siku ya nne tukiitoa mihogo majini nitajua kama naweza kukaa na wewe mezani.

Kaya Namba 14