Maneno ya Karakana

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Macho yako je? Mimi mwili mzima, moyo ndio umepondeka.

Leo nilikuwa nachomelea geti. Msimamizi akapita, akapaza sauti, “You're on fire!” Nikajua naungua! Nikatupa kinyago cha kukinga macho, nikajimwagia ndoo nzima ya maji. Karakana yote ikashika mbavu. Jioni akaniambia tena, “You killed it.” Baba, nimeua nini mimi? Nafikiria kufungasha nirudi nyumbani.

Binti yako


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Macho yangu ni yale yale, kwa hiyo mimi nasema, mama yako anaandika.

Nilimwendea mwalimu wa Kiingereza hapa jirani. Alicheka hadi akavua miwani. Kumbe fundi akiichangamkia kazi, wao husema anawaka moto. Akiifanya vizuri kupita kiasi, husema ameiua. Ulikuwa unasifiwa, mwanangu! Usithubutu kufungasha. Neno usilolijua uliza papo hapo, waache wacheke wachoke wenyewe.

Baba yako


28 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Nisamehe kwa kimya, nilikuwa nauliza. Daftari limejaa. Nimegundua kwamba “kill it” hapa karakanani ni amri: zima mashine.

Jumatatu mfanyakazi mgeni alikuwa anakata chuma, waya ukaanza kutoa cheche nyuma yake. Msimamizi akapiga kelele, “Kill it! Kill it!” Mgeni akatabasamu, akazidisha kasi. Alidhani anasifiwa! Nikaruka meza, nikakata umeme. Waya ulikuwa umeshayeyuka.

Msimamizi akauokota ule waya, akaniambia, “Kuanzia kesho, wageni wote wanaanzia kwako.” Baba, mimi ndiye mkufunzi wao sasa.

Binti yako


15 Julai

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Tu wazima, na tumevimba vichwa. Barua yako nimesomewa mara nne. Mama yako habari kaigawa mtaa mzima, hakubakiza nyumba.

Tangu ukiwa mdogo, watu walikuita binti wa fundi, mimi wakiniita Fundi tu. Jana nilipita dukani kwa muuza misumari. Akaniona, akaita kwa sauti, “Shikamoo, Baba Fundi!”

Nikajifanya sikusikia, ili aite tena.

Baba Fundi