Chapati za Wachungaji

Uthiru, Nairobi
18 Novemba 2006

Kwako Baba,

Habari za nyumbani? Goti linaendeleaje na mvua hizi? Dada aliniambia kwa simu kwamba siku hizi unamaliza chakula chako chote, nikashukuru, ingawa ningependa kuyasikia hayo kutoka kwako mwenyewe. Mimi ni mzima. Uliniuliza kama nitakuja Krismasi na nimekawia kukujibu. Haikuwa hasira, Baba. Tangu tumzike Mama, nikisikia watu wakitaja sikukuu nilikuwa natamani ipite upesi bila kunigusa. Leo nina jibu, lakini kwanza nikueleze yaliyonipata shuleni, maana wiki hii yote sikupata usingizi wa maana, na sasa nimepumua.

Unajua muhula huu nilipata kazi katika shule moja huko Parklands. Nafundisha darasa la tano. Watoto wamechanganyika, Wakristo, Wahindu na Waislamu, na wote wanagombania kukaa karibu na dirisha. Kwa vile tunakaribia kufunga shule, nikaamua kuwafundisha mila za Krismasi zilikotoka. Nilibeba tawi la ule mti tunaouita wa Krismasi, nililokata kwenye ua wa mwenye nyumba wangu kwa ruhusa yake. Nikawaambia desturi ya kuuingiza mti nyumbani ilitoka Ulaya, kwa Wajerumani, ambako wakati wa baridi miti mingi hupukutika majani lakini ule hubaki kijani. Na pamba tunayoibandika ni mfano wa theluji.

"Kumbe!" mmoja akasema. "Mimi nilidhani ni mawingu."

Nikamkumbuka Mama akinyofoa pamba kidogo kidogo kutoka kwa lile bunda la buluu, akitukaripia tusiiguse kwa mikono ya ugali.

Kisha nikawauliza, na chapati je? Nusu ya darasa ikapaza sauti kwamba bila chapati hakuna Krismasi. Mitesh, kijana mchangamfu wa Kihindu, akaruka akasimama.

"Mwalimu, hiyo si ni chakula tu? Sisi tunakula kila siku. Hata jana!"

"Kila siku?" mwenzake akadakia. "Kwani kwenu ni Krismasi mwaka mzima?"

"Eeh! Kujeni muone!"

Hapo Wanjiku, msichana mpole anayekaa mbele, akainua mkono. "Chapati ni ya Krismasi. Mama yangu alisema Mariamu ndiye aliwapikia wale wachungaji walipokuja kumwona mtoto."

Darasa likaangua kicheko. Nami, bila kufikiri, nikamsahihisha kama mtu anayesahihisha hesabu. Nikasema hapana, chapati ililetwa huku na Wahindi waliovuka bahari, nasi tukaifanya chakula cha sikukuu kwa sababu unga wa ngano haukuwa kitu cha kila siku kwetu. Ni kweli yote. Lakini Wanjiku alilaza kichwa juu ya dawati na hakukiinua mpaka kengele ikalia.

Kesho yake hakuja. Siku iliyofuata pia hakuja. Nilipomuuliza mwalimu mwenzangu, akaniangalia kwa mshangao. "Hukuambiwa? Mamake alifariki mwezi wa nne."

Baba, nilikaa chini. Wewe unajua mtu hubakiwa na nini. Nguo za Mama tuligawana, lakini maneno yake hatukuhitaji kugawana, kila mmoja anayo yote. Nami nilikuwa nimempokonya yule mtoto neno la mamake mbele ya darasa zima. Nilijaribu simu ya babake, haikupatikana. Leo Jumamosi nikaenda mwenyewe Dagoretti, ambako ana bucha karibu na soko. Nilimkuta amevaa koti jeupe, anapanga nyama.

"Wewe ndiye mwalimu wa chapati?" akaniuliza.

Nikajua nimekwisha. "Ni mimi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini? Ushawahi kuugua tetekuwanga?"

"Nikiwa mtoto."

"Basi twende nyumbani umwone. Huyo mtu atanimaliza na maswali."

Wanjiku alikuwa kwenye kochi, amepakwa dawa uso mzima, na soksi mikononi asijikune, kama vile Mama alivyonivisha mimi. Nikamwuliza kuhusu siku ile. Akasema kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi.

"Kwa hivyo hukukasirika?"

"Nilikasirika kidogo. Nilimkasirikia Mitesh." Akajisugua shavu kwa soksi. "Lakini mwalimu, wale wachungaji walikula nini basi?"

Safari hii sikuharakisha. Nikamwambia kwamba Biblia haisemi. Lakini watu wa nchi ile walikula mikate, na mingi ilikuwa myembamba, ya mviringo, iliyookwa juu ya kitu cha moto.

"Kama chapati?"

"Si chapati zetu hasa. Lakini zinafanana."

"Baba! Si nilikwambia? Mama alikuwa anajua!"

Babake alicheka mpaka akaketi. "Mwalimu, hiyo hadithi mamake aliitunga hapa hapa mezani. Hawa watoto walikuwa wanaitisha chapati mwezi wa sita mwaka jana, akawaambia wangoje Mariamu ajifungue."

"Hata kama," Wanjiku akajibu. "Alipatia."

Nilicheka, Baba, nikacheka tena, na sikuwa nimecheka hivyo tangu mazishi. Babake alifuta macho, akasema alikuwa ameamua mwaka huu hawatapika chochote, kwa sababu nani atasukuma? "Lakini huyu amesema atasukuma mwenyewe, hata zikitoka kama ramani ya Kenya."

Nilirudi Uthiru nikiwa mwepesi. Kwa hivyo jibu langu ni hili: nakuja. Tukishafunga shule na kumaliza kazi za ofisini, nitapanda gari. Tutapika. Zangu hazitakuwa laini kama za Mama, na wewe utasema hivyo, nami sitakasirika.

Nisalimie dada yangu anayekupikia, na kaka anayekamua ng'ombe, umwambie asiuze yule ndama mpaka nimwone. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na mama mdogo ambaye hakuniacha peke yangu siku ile ya maziko. Na jioni mkikaa kuomba, Baba, mnikumbuke na mimi.

Binti yako,
Loice