Meno ya Ng'ombe wa Mama

Kaka,

Mama hajambo, na paa tumeliziba. Barua yako nimeisoma. Eti katika zizi la Mama nilikuchagulia ng'ombe wa kumtunzia kibogoyo, hana meno ya mbele juu, ndiyo maana ukamuuzia mchinjaji.

Msomi mzima! Ng'ombe gani ana meno hayo? Huzoa majani kwa ulimi, huyabana kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, akayakata. Kisha hulala akicheua, akisaga kwa magego. Ungeuliza hata jirani!

Mchinjaji alipita hapa jana, akaniambia. Kumbe tumboni mwa ng'ombe yule mlikuwa na ndama.

Mama bado anauliza kama ng'ombe wake anakula vizuri. Njoo umjibu mwenyewe, kwa kinywa chako hicho chenye meno juu na chini.

Dada yako, shingo upande.