Kwa Nini Niling'oa Misumari ya Juu

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya duka la rangi,
Jumamosi, tarehe 15 Juni.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti limepoa na unapanda ngazi bila kuzitukana. Mama anauliza kama unameza zile dawa au umeanza tena kuzificha chini ya mto. Anasema amekulea yeye, anakujua. Mkaza mjomba hajambo? Na yule binamu yangu mpenda usingizi, ameshapata kazi ya kumwamsha asubuhi?

Sisi huku tu wazima. Mama anatembea vizuri, macho ndiyo yanamsumbua, ingawa hakuna kinachompita. Binti yangu amenipita urefu na sasa anavaa viatu vyangu bila kuniuliza. Paa linavuja palepale.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma nimesimama, nikakaa nikaisoma tena, kisha nikampa Mama naye akaisogeza dirishani. Tumekubaliana kwamba mwandiko wako umeharibika na kwamba Kaka ana mdomo. Kwa kuwa amekusimulia kisa ambacho hakuwepo kukiona, sasa nisikilize mimi niliyekuwepo.

Umeandika kwamba bakshishi ni heshima, kwamba fundi akipewa asante anapokea kwa mikono miwili, na kwamba nimevimba kichwa tangu niajiriwe kwenye kampuni ya kuuza magari. Umeniambia nisaini karatasi ya kuomba radhi, yaishe. Sisaini, Mjomba. Nimelitanguliza hilo ili usihangaike kulitafuta huko chini.

Hujawahi kufika pale, ngoja nikutembeze. Mbele kuna ukumbi wa magari mapya, sakafu inang'aa mpaka unaona chini ya kidevu chako. Sisi wa sevisi tuko nyuma. Mteja anaingia kwa mlango wa pembeni, anakuta viti sita, runinga isiyo na sauti, na mashine ya kahawa ambayo tangu mwaka jana inatoa maji ya moto tu. Kwenye kaunta anasimama mpokeaji wetu, tunamwita Tabasamu, na jina hilo amelifanyia kazi. Nyuma yake kuna ubao wa funguo. Ubao huo ulikuwa na misumari ya mistari miwili, wa juu na wa chini. Sisi mafundi tulichukua funguo za juu kwanza, zikiisha ndipo tunashuka chini.

Zamani mstari wa juu ulikuwa wa dharura: gari la wagonjwa, gari lisiloshika breki, gari la mtu aliyetoka mbali na watoto. Hivyo ndivyo nilivyoukuta. Sijui ulibadilika lini hasa. Nadhani mteja mmoja aliacha noti ndani ya kitabu chake cha sevisi, Tabasamu akaona si vibaya kumwahisha. Wa pili akasikia kwa wa kwanza. Ikafika mahali mteja akikabidhi kitabu, Tabasamu anakipima mkononi na kutupigia kelele kupitia kidirisha, "Kizito!" au "Chepesi!" Kizito ufunguo unakwenda juu. Chepesi unakwenda chini, na mwenyewe anaambiwa pole mama, foleni ndefu leo, vuta kiti.

Vilivyotoka kwenye vitabu vizito viliingia kwenye kopo la biskuti, na kila Ijumaa tuligawana, kuanzia Tabasamu mpaka dada anayepiga deki. Nami nilikula, Mjomba. Miaka miwili nimekula na kujitia hamnazo kwa sababu lile kopo lilinifaa. Hilo Kaka hakukuandikia kwa kuwa halijui. Nakuandikia mwenyewe, usije ukadhani nakuhubiria kama mtu aliyekuwa hayumo.

Sasa nije kwa mkunga. Ni mama wa makamo, anafanya kazi kwenye zahanati iliyo chini ya mteremko, na ana kigari cheupe kilichochoka. Alikileta Jumanne moja ya mwezi uliopita akasema akikanyaga breki kinasaga. Tabasamu akaandika kwenye kadi ya kazi: kelele kidogo. Kitabu kilikuwa chepesi. Ufunguo ukatundikwa chini, msumari wa mwisho karibu na swichi ya taa.

Jumatano nilimfungia bwana mmoja vifuta kioo vipya, na mvua yenyewe haikuwepo. Alhamisi nilibadilisha kitaa cha ndani ya buti kwa mtu aliyelalamika kwamba haoni viatu vyake vya mazoezi. Kila nilipokwenda kuchukua chai nilikipita kile kigari cheupe kimeegeshwa ukutani na vumbi juu yake, nikajiambia kinasubiri spea. Hakuna aliyeniambia kinasubiri spea. Nilijitungia. Mimi, fundi wa breki, nimepita kando ya gari lisilo na breki siku mbili nzima na kikombe mkononi.

Ijumaa asubuhi mkunga alichoka kusubiri. Kuna mzazi alikuwa anamhitaji, akaomba ufunguo wake, na Tabasamu akampa kwa meno yote thelathini na mawili. Mimi nilikuwa chini ya gari jingine. Nikasikia kigari kinapunguza mwendo kuelekea getini, na ule mlio nikautambua: chuma juu ya chuma. Nilitoka pale chini kwa pupa nikajigonga paji la uso, nikakimbia na spana mkononi, nikasimama katikati ya njia mbele yake, mikono nimeitanua. Ndiyo, nilisimama mbele ya gari ninalojua halina breki. Cheka, nimekuruhusu. Mlinzi wa getini anacheka mpaka leo. Mkunga aliivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, kigari kikasimama shibiri mbili kutoka kwenye magoti yangu.

Nilifungua gurudumu palepale getini. Pedi zilikuwa zimekwisha kabisa, na vyuma vya nyuma yake vimeitafuna diski mpaka imefanya mifereji. Na yeye alikuwa anakwenda kushuka mteremko ule wenye kona mbili na soko chini yake. Asingefika salama, na pengine si yeye peke yake. 

Nilimfanyia kazi yake mpaka ikaisha. Nikakiendesha kigari uani, nikakanyaga breki mara tatu kama ulivyonizoesha, kikashika. Nilipomkabidhi ufunguo alifungua mkoba, akatoa noti zilizokunjwa, akaninyooshea akiwa ameinamisha kichwa.

"Nisamehe mwanangu," akasema. "Kumbe nilitakiwa niache kitu siku ile. Nilikuwa sijui, hakuna aliyeniambia."

Yeye ndiye aliyeniomba mimi radhi, Mjomba! Sisi tumemwachia aende mteremkoni bila breki, halafu yeye ndiye anayeinamisha kichwa. Sijawahi kuona haya namna ile maishani. Nilizifunga zile noti ndani ya kiganja chake nikamwambia awahi, kuna mtu anamsubiri. Huko ndiko kukataa bakshishi ambako Kaka amekupigia ngoma.

Jumamosi nilifika kazini kabla kaunta haijafunguliwa. Nilichukua koleo nikang'oa misumari ya juu, mmoja baada ya mwingine, nikabakiza ya chini peke yake. Niliitia kwenye mfuko wa plastiki nikaiweka juu ya meza ya meneja. Kwenye ubao nikabandika karatasi: Aliyetangulia kufika ahudumiwe kwanza, isipokuwa gari la breki mbovu. Niliandika kwa kalamu nene.

Meneja aliniweka kiti moto asubuhi hiyohiyo. Hakuuliza habari ya mkunga hata kidogo. Aliuliza nani amenipa ruhusa ya kuharibu mali ya kampuni.

"Misumari yote iko mbele yako," nikamwambia. "Hakuna uliopinda."

Akaniambia kiburi hicho nitakila. Hakuipigilia tena, maana angelazimika kueleza ni ya nini, lakini alinipa karatasi ambayo ameshaiandika yeye, mimi niweke saini tu. Inasema nilikosa nidhamu, nilimdhalilisha mteja kwa kukataa shukrani yake, na sitarudia. Anaitaka kwenye faili kabla wakubwa wa makao makuu hawajaja Jumatatu hii. Nisiposaini, nakabidhi spana zangu na kuhamia kwenye kuosha magari, kwa mshahara wa kuosha magari. Unajua dawa za macho za Mama na ada ya binti vinatoka wapi. Nami najua, na nimelala na hesabu hiyo kitanda kimoja.

Wenzangu wamenuna. Kopo la biskuti sasa lina biskuti. Fundi umeme, ambaye tumekula sahani moja miaka yote, ananificha jeki na kuniuliza kama nimepata mume tajiri. Tabasamu alinifuata chumba cha kubadilishia nguo, safari hii hakutabasamu, akasema nimeingiza mkono kwenye chungu cha watoto wake. Na ni kweli analipwa kidogo kuliko mimi, na mama yake yuko kitandani mwaka wa pili. Simchukii. Nilimwambia kama mshahara hautoshi, twende wote kwa meneja tukaseme hautoshi, mimi nitatangulia mlangoni. Akanitazama kama nimemtukana, akaondoka. Inaonekana kumlegezea mkunga breki ni rahisi kuliko kumkazia macho meneja.

Umeniuliza, kwa hiyo watu wasitoe? Nani kasema? Watoe! Mtu akishapata gari lake, akalijaribu, akafurahi, na moyo ukamtuma aninunulie soda, nitaipokea na kuinywa mbele yake, na nitacheua. Hata wewe ukipeleka gari lako sevisi huko uliko na wakakufanyia vizuri, wape, tena umkumbuke anayeosha, maana huyo hakuna anayemwona. Asante inakuja baada ya kazi. Ikitangulia mbele ya kazi inaitwa jina jingine, na wewe jina hilo unalijua kuliko mimi. Na asiyetoa kitu, breki zake zinatakiwa zishike vilevile. Hapo sirudi nyuma hata hatua moja, na usinitumie barua nyingine ya kunirudisha.

Mama naye ana maoni yake, usidhani nimempuuza. Alinishauri nisaini kwa mwandiko mbaya, ili baadaye niseme si wangu. Nilipokataa alisema nimemrithi mdogo wake, yaani wewe, kwa kichwa na kwa ulimi. Sikujua kama ni sifa. Asubuhi nilikuta amenipigia pasi ovaroli, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Sasa nifike kwenye ule mstari uliouandika pembeni mwa karatasi. Umesema meneja huyu alikuwa chini yako alipoanza kazi, kwamba wewe ndiye uliyemshikisha spana ya kwanza, na kwamba ukimpigia simu moja tu karatasi itachanwa, Jumatatu itapita na mimi nitabaki kwenye breki zangu. Naamini ungeweza. Nimelifikiria jambo hili kuliko yote, maana hapo ndipo penye uzima wa nyumba hii, na sitaki udhani nimelikataa kwa pupa au kwa kukudharau. Umenifundisha kazi, umenilisha, umenitetea shuleni waliposema msichana hafungui injini. Sijasahau hata moja.

Lakini usimpigie, Mjomba. Nakuomba kwa magoti, na kama magoti hayatoshi, nakukataza. Nikibaki kwenye breki, nibaki kwa sababu nazijua breki. Wakinipeleka kuosha magari, nitayaosha yang'ae, na kila mteja atakayekuja pale kwenye mpira wa maji nitamweleza kwa sauti ni nani alihudumiwa kwanza na kwa nini. Yule mkunga hakuwa na mjomba wa kumpigia meneja. Alikuwa na kitabu chepesi na sisi.

Nisalimie sana Mkaza mjomba, mwambie mapazia aliyotuma yanamtosha jirani na sisi pia. Msalimie Babu Redio, kama bado anabishana nayo. Binamu mpenda usingizi umsalimie atakapoamka. Mama anakusalimu, anasema dawa. Binti anakusalimu na anataka kujua kama miguu yako na yake ni saizi moja, sijui ana mpango gani.

Mungu akupe afya na akulinde kila unaposhuka mteremko wowote. Ukikasirika nami, kasirika, ila niandikie hivyohivyo ukiwa na hasira.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata leo ninapokukatalia,

Fundi wa breki,
hata Jumatatu wakinipa mpira wa maji.