Magoti ya Ndama

Mjukuu wangu Nyamizi,

Marahaba. Kwa heshima zote natangaza kwamba kuku wa jirani ametaga juu ya redio yangu, na tangu hapo inasikika vizuri zaidi. Bibi yako hajambo. Mama yako amevuna karanga kule Isikizya.

Unauliza, ndama mwenye goti lililojaa usaha atibiwe kwa sindano au kwa kuoshwa kiungo? Enzi za Mwingereza nilikuwa mkamuaji kwenye kituo cha mifugo hapa Tabora. Bwana Mifugo alitaka kulinganisha. Kila siku ndama wa zizi la kulia wakachomwa sindano ya penisilini. Wa kushoto wakatobolewa goti na kuoshwa kwa maji ya chumvi. Kabula, ndama wangu wa pekee, aliwekwa kushoto.

Lakini ng'ombe wetu hashushi maziwa bila kumwona mwanawe. Kila asubuhi tuliwapeleka ndama wote kwa mama zao, kisha tukawarudisha zizi lolote lililokuwa karibu. Nikamweleza Bwana kwamba ndama wamechanganyika.

"Umesomea wapi wewe?"

"Kwenye kwato, Bwana."

"Basi rudi huko huko."

Akaandika kwamba sindano imeshinda, na kuosha kukakatazwa. Mpaka leo nachemka. Mtu analinganisha tiba mbili, naye hajui nani kapata ipi! Tena shahidi wake mkuu wa sindano alikuwa Kabula, aliyekutwa zizi la kulia akiwa wa kwanza kutembea.

Kabula alikuwa ameoshwa na kuchomwa sindano.

Babu yako