Mgeni wa Msituni

Mtwara, Machi 2014

Mdogo wangu Yustina,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Ningekuwa hapo Kitahana tungesalimiana kwa makofi, kama tulivyolelewa. Mguu wako umepona? Mimi nimebaki mifupa na macho. Nainuka, naketi, nainuka tena, hadi binti yangu ananiuliza, "Baba, unatafuta nini humu ndani?"

Ni ile habari yako, kwamba mwanao Filipo na wenzake wamekusanya mbwa na nyavu. Mavuno yakiisha wataingia msituni kumkamata yule nusu mtu nusu sokwe ambaye wazee walimwita Mgeni, wampige picha. Ningekupigia simu, lakini simu yako anaishika Filipo.

Unakumbuka tulivyolinda mahindi yasiliwe na nyani, nikiwa likizo ya chuo cha ualimu? Mama alitukataza kuvuna safu ya mwisho, ile ya kando ya msitu. Ni ya Mgeni, alisema, nami nikamcheka. Siku moja ulikwenda mtoni, mvua ikanyesha, nikabaki kibandani nachoma mahindi. Akaja. Akaketi upenuni kungoja mvua ikatike. Manyoya ya kijivu, yamelowa. Uso si wa nyani, si wetu. Nikamsogezea hindi. Akalipokea kwa mikono miwili, Yustina, kama mtu aliyefunzwa adabu, akalipuliza lipoe. Akala matatu. Alipokusikia unaimba njiani akaondoka, bila haraka.

Ukaingia, ukatazama magunzi. "Kaka! Manne peke yako? Huko chuoni hawawapikii?"

"Njaa ya wasomi," nikasema. Ulinicheka hadi nyumbani.

Miaka yote ya ualimu, kila mtoto aliyeniuliza nilimjibu kwamba hakuna kiumbe wa namna hiyo. Waliniamini, wala hakuna aliyekwenda kumtafuta. Sasa nakufa, na jambo hili sikutaka kuondoka nalo peke yangu. Lakini Filipo usimwambie. Mwambie hivi, tena mbele ya wenzake: "Mjomba wako mwalimu ameshangaa kusikia kijana aliyesoma anawinda hadithi za bibi zake." Ataona haya, namjua. Wenzake watamcheka, na mbwa watabaki nyumbani.

Nisalimie shemeji, mwambie kifua chake akitunze. Msalimie na mama mkwe wako, na mke wa marehemu kaka yetu kule Kasulu.

Ni mimi kaka yako, ninayekuomba uendelee kunisemea uongo nitakapokuwa siwezi tena,

Gervas